Nguchiro Aliyekwenda Posa na Ndugu Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walijenga nyumba, walipika kwa vyungu, na walioana bila kuulizana nani ana kwato na nani ana kucha. Katika kijiji kimoja palikuwa na nguchiro wawili, Chepe na Mbaruku. Walikuwa watoto wa mama wawili, dada na dada. Mama yake Chepe alifariki mapema, kwa hiyo Chepe akalelewa na mama mdogo, yaani mama yake Mbaruku. Walilala mkeka mmoja. Walikula sahani moja, na Chepe ndiye aliyekuwa akimaliza nyama.

Chepe alikuwa mwepesi. Mwepesi wa miguu, mwepesi wa macho, mwepesi zaidi wa ulimi. Mbaruku naye alifanana naye kwa kila kitu, ila kila kitu kwake kilipungua kidogo. Mkia wake ulipinda tangu siku alipoangukiwa na fenesi. Sauti yake ilitetemeka akitazamwa na watu wengi. Lakini alikuwa na moyo mzuri, na ukimwambia jambo analiamini.

Wote wawili walisuka makapu na kuyapeleka gulioni.

Siku moja gulioni akaja Mzee Nyati, puh! puh! puh! vumbi linatimka. Alitaka chombo cha kuwekea mtama. Upande huu akaona kapu la Chepe. Upande ule Nungunungu alikuwa anauza vyungu.

"Kapu ni jepesi," akanguruma Mzee Nyati, "lakini mvua italipenya. Chungu hakivuji, lakini kizito, tena kikianguka, pwaa! Basi. Sasa nichukue kipi?"

Akageuka huku. Akageuka kule. Akajikuna pembe. Mara Mbaruku, ambaye alikuwa anapanga bidhaa, akaweka chini kapu jingine alilolisuka yeye. Lilikuwa limepinda ubavu mmoja.

Macho ya Mzee Nyati yakang'aa. "Lo! Hili limepinda. Na hili limenyooka! Tazama lilivyonyooka! Nipe lililonyooka, haraka, kabla hajaja mwingine!"

Akalibeba kapu lake akaenda zake, chungu akakisahau kabisa. Nungunungu akabaki mdomo wazi.

Chepe akalitazama lile kapu lililopinda. Akamtazama Mzee Nyati anavyokwenda kwa furaha. Akacheka, kwi kwi kwi!

"Mbaruku, umeona? Mzee hakulipenda kapu langu kwa uzuri wake. Amelipenda kwa sababu limesimama karibu na bovu. Vitu viwili vikiwa mbalimbali, mnunuzi hajui avipimeje. Mpe cha tatu kinachofanana na chako, kibaya kidogo, uone kama hatakimbilia chako!"

Tangu hapo, kila siku ya gulio Mbaruku alisuka kapu moja la kupinda kwa makusudi. Wakubwa walikuja, Kiboko, Kifaru, Twiga na shingo yake, wote wakanasa. Mbaruku naye alicheka. Hakuona ubaya. Kapu halina moyo, wanangu, halioni haya.

Sasa, katika kijiji kile alikuwapo binti mmoja, Siti, wa ukoo wa swala. Alikuwa na macho makubwa na mwendo wa madaha. Wazazi wake hawakuwapo duniani. Waliomlea ni Mzee Nyati, aliyemwita mjomba, na Bibi Tembo, aliyemwita shangazi. Siti alipofika umri wa kuolewa, posa mbili zikaja siku moja.

Posa ya kwanza ya Kongoni. Kongoni alikuwa na shamba kubwa kule mlimani, mabega mapana, na maneno machache kama mvua ya kiangazi. Posa ya pili ya Chepe. Chepe alikuwa na kishamba cha kuegesha jembe tu, lakini nyumba yake ilikuwa jirani, na maneno yake yalikuwa matamu.

Wazee wakashindwa.

"Huyu ana shamba," akasema Mzee Nyati.

"Lakini yuko mbali, mtoto tutamwona lini?" akasema Bibi Tembo. "Huyu wa jirani anachekesha."

"Kichekesho kinaliwa?"

"Na ukimya je, unaliwa?"

"Sasa shamba na vicheko utavipima kwa kibaba gani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Bibi Tembo akapiga mguu chini, tii! vikombe vikaruka. "Nendeni! Mrudi Ijumaa. Mje kila mmoja aseme mbele yetu kwa nini anamtaka mtoto wetu."

Chepe akarudi nyumbani kichwa chini. Akamkuta Mbaruku uani anasuka, kaishika miaa kwa meno. Mbele yake kapu la kupinda. Chepe akalitazama lile kapu. Akamtazama Mbaruku. Akalitazama tena kapu.

"Mbaruku, ndugu yangu," akasema polepole, "kwani wewe humpendi Siti?"

Miaa ikamdondoka Mbaruku mdomoni. "Mimi? Kaka, unanitania."

"Sikutanii. Siku zile akija kuchota maji, nani huacha kusuka akabaki anatazama njia?"

Mbaruku akainamisha uso. Ni kweli. Alimpenda Siti tangu zamani, wala hakumwambia mtu. Ilikuwa siri yake, aliitunza kama yai.

"Mimi si wa kuposa," akasema. "Na mkia huu? Na sauti hii?"

"Mkia ndio unaooa? Peleka posa, Mbaruku! Kongoni ameposa, mimi nimeposa, kwa nini wewe usipose? Akikuchagua wewe, mimi nitafurahi. Ndugu ni ndugu."

"Kweli, kaka?"

"Haki ya mama mdogo aliyetulea!"

Wanangu, hapo Chepe aliapa kwa jina lililompikia uji. Akaendelea bila kumeza mate. "Nitakupa kanzu yangu ile ya zamani, ifanane na hii yangu. Na maneno nitakufundisha. Sema kama nitakavyosema mimi, neno kwa neno."

Mbaruku akayaamini, akapeleka posa yake. Akayakariri yale maneno akisuka, akichota maji, akipika. Mama yake akamsikia, akatabasamu, hakumwuliza.

Ijumaa ikafika. Sebule ya Mzee Nyati ilijaa. Siti alikuwa nyuma ya pazia, macho yake yanachungulia. Kongoni alikaa upande mmoja, kanzu safi, mikono magotini. Upande wa pili walikaa nguchiro wawili bega kwa bega, kanzu moja mpya, kanzu moja imepauka.

"Tuanze na wewe," akasema Bibi Tembo, akimwelekezea Mbaruku mkonga.

Mbaruku akasimama. Akaona macho. Macho ya Nyati, macho ya Tembo, macho nyuma ya pazia. 

"Mi-mi-mimi," akaanza, "nime-nimekuja kama nyu-nyuki... kama ua... hapana, kama nyuki alofuata..." Kofia kubwa aliyopewa na Chepe ikamshukia machoni. Akaisukuma. Ikashuka tena. Mkia wake uliopinda ukagonga sinia, kwaang! Kashata zikamwagika mpaka mlangoni.

"Ho! ho! ho!" akacheka Mzee Nyati.

Bibi Tembo alijaribu kujizuia, akauziba mdomo kwa mkonga, lakini kicheko kikatokea masikioni, yakapepea. Na kutoka nyuma ya pazia Mbaruku akasikia kicheko kidogo chembamba. Kwi!

Alikijua kilikuwa cha nani. Akakaa. Masikio yalimwaka kama yamepakwa pilipili.

Chepe akanyanyuka taratibu, akainamisha kichwa kwa adabu. "Wazee wangu, mimi nimekuja kama nyuki aliyefuata harufu ya ua. Hakutumwa na mtu, hakuonyeshwa njia. Nipeni ruhusa nijenge mzinga wangu karibu na ua lenu." Akakaa.

"Aa!" Mzee Nyati akapiga goti. "Sasa huyu! Umeyasikia? Maneno yale yale, lakini yamenyooka!"

"Na kanzu yake ilivyokaa," akasema Bibi Tembo. "Ukimtazama yule halafu ukamtazama huyu, aah!"

Kongoni naye alisema, kwa ufupi, kwamba ana shamba, ana afya, na atamtunza Siti. Ila wazee walikuwa hawamsikilizi. Kongoni hakuwa na wa kufananishwa naye. Macho yao yalikwenda kwa Mbaruku na kurudi kwa Chepe, kwa Mbaruku na kwa Chepe, na kila yaliporudi Chepe alizidi kupendeza.

Siti alipoulizwa, akasema kwa sauti ndogo, "Yule anayesema vizuri."

Basi Kongoni akaaga, akapanda mlima wake. Chepe akapewa mchumba. Na Mbaruku? Mbaruku aliokota zile kashata mlangoni, moja moja, akazirudisha kwenye sinia, ndipo akatoka.

Kwa siku nyingi hakwenda kisimani mchana. Mama yake alipomwuliza ilikuwaje, alijibu, "Kaka kapata, mama." Na alimfurahia kaka yake, wanangu. Aibu aliimeza peke yake. Alijilaumu yeye, ulimi wake na mkia wake. Alisema moyoni, "Nilipewa nafasi sawa na wenzangu, nikaivunja mwenyewe."

Zikabaki siku chache kufika harusi. Wazee wakamwalika Chepe chakula cha mchana, yeye peke yake. Chepe akaja, akakaa, akasema maneno yake ya nyuki. Mzee Nyati akamkazia macho huku anatafuna.

"Chepe, siku ile ulikuwa mrefu zaidi, au nakosea?"

"Ni mimi yule yule, mzee."

"Hm," akasema Bibi Tembo. "Labda ni mwanga."

Siti alileta maji ya kunawa. Akamtazama mchumba wake, akamtazama tena, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni.  Chepe aliuona mtazamo ule, jasho likamtoka.

Akakimbia mpaka nyumbani, mbio, mbio, vumbi nyuma. "Mbaruku! Mbaruku! Siku ya harusi wewe ndiwe mpambe wangu. Utasimama karibu nami tangu mwanzo mpaka mwisho. Usibanduke!"

Mbaruku akaguswa. "Mimi, kaka? Baada ya ile fedheha niliyokutia?"

"Wewe tu!"

Asubuhi ya harusi mama mdogo akatoa kanzu mpya. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa siri, ukosi wake kautarizi kwa uzi wa hudhurungi, na pindo kaliteremsha vizuri lifunike ule mkia. Mbaruku akaivaa. Akajigeuza. Mama akashika shavu. Kwa kweli Mbaruku alipendeza.

Chepe akaingia. Akasimama mlangoni kama aliyeona nyoka. Na nguchiro haogopi nyoka.

"Vua," akasema.

"Kaka?"

"Vua hiyo! Vaa ile iliyopauka. Na ile kofia kubwa!"

"Lakini mama ameshona kwa..."

"Nimesema vua!" Chepe akaushika mkono wa kanzu, akavuta. Chwaaa! Ukachanika toka begani mpaka kiwikoni.

 Mama akasimama na sindano mkononi. "Chepe, mwanangu, una nini? Mwenzako akipendeza wewe unapungukiwa na nini?"

Na Chepe, kwa haraka zake, ulimi ukamtangulia. "Akipendeza yeye, mimi nitaonekanaje?"

Hapo Mbaruku akaelewa. Hakuelewa kidogo kidogo, alielewa yote mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kanzu zinazofanana. Maneno yanayofanana. Kwa nini alifundishwa neno kwa neno, na kwa nini kaka hakumsahihisha alipokosea akijifunza.

"Kumbe," akasema, na safari hii sauti haikutetemeka hata kidogo, "mimi ndiye kapu la kupinda."

  Mama akakaa chini polepole, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Aliyemdanganya mwanawe alikuwa mwanawe pia. Atamlilia nani?

Chepe akatoka kinyumenyume.

Mbaruku angebaki nyumbani. Alitaka kubaki. Alitaka ardhi ifunguke. Kwa maana kuna aibu ya ubaya uliotenda, na kuna aibu ya ubaya uliotendewa, na hii ya pili haina haki hata kidogo lakini ndiyo huchoma zaidi. Ila mama akamwambia, "Nenda, baba. Ukijificha wewe, watu watadhani wa kujificha ni wewe." Basi akaenda, na mkono wake uliochanika.

Uwanja wa Mzee Nyati ulikuwa umejaa. Ngoma zinalia, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi! Chepe amekaa kitini, macho yanacheza huku na huku. Bibi Tembo akamwona Mbaruku akiingia, akapaza sauti kwa furaha tu, bila nia mbaya.

"Aa, yule wa kashata! Njoo, mwanangu, tuambie tena yale maneno ya nyuki, wageni wacheke!"

Watu wakacheka. Mbaruku akangoja kicheko kiishe.

"Shangazi," akasema, "maneno yale hayakuwa yangu. Nilifundishwa ili niyakosee."

Ngoma zikanyamaza.

"Ulifundishwa na nani?" akauliza Mzee Nyati.

Mbaruku akatazama chini. Hakutaja jina. Hakunyoosha kidole. Lakini kule kitini miguu ya Chepe ilikuwa inatafuta njia ya kutokea, na watu wote wakageuka wakaitazama ile miguu.

Pazia likafunguka. Siti akatoka, amevaa mapambo yake ya harusi, akasimama mbele ya Mbaruku.

"Kwa hiyo siku ile hukuja kuniposa," akasema. "Uliletwa?"

"Nililetwa, dada Siti," akajibu Mbaruku. "Ila mimi nilidhani nimekuja."

Siti akashika mdomo. Alikumbuka kicheko chake nyuma ya pazia, kikamrudi kama mwiba. Machozi yakamtoka. "Nilikucheka," akasema. "Ulikuja na moyo wako, nami nikakucheka. Nisamehe."

"Sote tulicheka," akasema Bibi Tembo, na mkonga wake mrefu ukaning'inia kama kamba isiyo na kazi. "Mimi mtu mzima."

Mzee Nyati akanguruma, lakini kwa chini sana. "Na mimi nilijiona najua kuchagua. Tukaacha kumtazama bwana harusi, tukatazama tofauti yao tu. Kongoni wa watu tukamwacha akarudi mlimani hata hatukumpa maji."

Siti akafuta macho. Akageuka. "Chepe," akasema, "njoo usimame hapa katikati. Peke yako."

"Siti, nisikilize..."

"Peke yako."

Chepe akaja. Akasimama katikati ya uwanja. Huku hakuna mtu, huku hakuna mtu. Wageni wote wakamtazama. Hakuwa mbaya. Hakuwa mzuri. Alikuwa nguchiro tu, mfupi, anatoka jasho, kanzu imemshika mgongoni. Akatafuta maneno ya nyuki. "Mi-mimi..." akaanza, "nime-nimekuja..." Sauti ikatetemeka. Mkia ukaingia kati ya miguu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, wanangu! Walimtazama kimya, na kile kimya kilimvua nguo zaidi kuliko kicheko. Akainua macho akamtafuta Mbaruku. Mbaruku hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamisha uso, anaona haya kwa niaba yake.

Chepe akatoka uwanjani akitembea. Yeye ambaye siku zote hukimbia, siku hiyo hakupata mbio.

Harusi ikavunjika. Wazee wakampandia Kongoni mlimani kumwomba radhi, na Siti akasema sasa atachagua mwenyewe, na kila anayemtaka aje siku yake, asije na mwenzake. Kongoni akaja peke yake. Siti akamsikiliza mpaka mwisho, ule mwisho wenyewe haukuwa mbali, na baada ya mavuno wakaoana. Mbaruku alialikwa, akakaa mbele na wazee. Aliumia kidogo, sitawaficha. Lakini hapakuwa na mtu aliyemcheka.

Na Chepe? Chepe alilala porini siku nyingi. Mpaka jioni moja, jua bado liko juu ya majani, akaja mpaka mlango wa mama mdogo. Akainua mkono kubisha, akaushusha. Akainua, akaushusha.

"Hodi," akasema. Haikutoka sauti.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ndogo kama ya mdudu.

Ndani, Mbaruku alikuwa anakula na mama yake. Alisikia. Mama alisikia. Mama alimtazama mwanawe tu. Mbaruku akatafuna tonge lake, akalimeza.

"Karibu," akasema hatimaye.

Hakuinuka kumpokea. Alisogeza sahani kidogo, pakapatikana nafasi. Chepe akaingia, akakaa pembeni ya mkeka, akaingiza mkono sahanini. Nyama hakuigusa. Alikula ugali mtupu huku machozi yanamdondokea, na hakuna aliyemwambia anyamaze, wala hakuna aliyemwambia aondoke.

Basi, wanangu, ngano yangu imefika kizingitini na hapo nimeiweka: anayemsimamisha mwenzake mfupi ili yeye aonekane mrefu, siku mwenzake akiondoka hubaki na kimo chake mwenyewe.